Mashine moja, njia tatu: TrueNAS peke yake, TrueNAS ndani ya Proxmox, au ZFS ya Proxmox yenyewe

Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye studio ya video pale Isevya, Tabora mjini, alinipigia simu. "Kaka, nina hela ya mashine moja tu. Nataka itunze video za harusi, iendeshe programu ya mahesabu ya Windows, na kamera za dukani ziandikie humo humo. Itaweza?"

Itaweza. Kompyuta ya ofisini ya mtumba yenye i5, RAM ya GB 32 na kasha linalomeza diski nne inabeba kazi hizo zote bila kuhema. Cha kuamua kabla hujanunua hata waya ni nani atakayeshika diski. Hapo ndipo njia zinapoachana, na kubadili njia baada ya kujaza TB 8 za harusi za watu ni kazi ya kukosesha usingizi.

Njia ya kwanza ni TrueNAS, mfumo wa kutunza na kugawa mafaili, kusimikwa moja kwa moja kwenye mashine, chini yake hakuna kitu kingine. Ya pili ni Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kufikirika ndani ya mashine moja), kuwa mwenyeji, TrueNAS kukaa juu yake kama mashine pepe, na kadi inayounganisha diski kukabidhiwa TrueNAS mkononi. Ya tatu ni Proxmox kushika diski yenyewe kwa ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data kwenye diski, halafu kontena dogo (mashine pepe nyepesi) lenye programu ya Samba linagawa mafaili kwa watu wa ofisini.

Zote tatu zinatumia ZFS ile ile, iliyoanza kutengenezwa Sun Microsystems mwaka 2001 na kuwekwa wazi kwa umma mwaka 2005. Kwa hiyo ulinzi wa data ukishafika kwenye diski ni mmoja. Tofauti ziko kwenye RAM, kwenye umeme, na kwenye siku ambayo kitu kimekufa na wewe uko safarini.

Kuna watakaouliza kuhusu VMware, mshindani wa Proxmox. Broadcom waliinunua VMware mwaka 2023, toleo la bure la ESXi, programu yao ya mashine pepe, likaondolewa mwaka 2024, likarudishwa mwaka 2025. Kwa mtu anayejenga seva ya ofisi ndogo kwa fedha yake, sioni sababu ya kuegemea kitu kinachokwenda na kurudi namna hiyo wakati Proxmox ipo.

Kukabidhi kadi ni kukabidhi ufunguo

Kwa kawaida mashine pepe haigusi kifaa chochote. Ikitaka kuandika kwenye diski inamwomba mwenyeji, mwenyeji anaandika, anarudi na jibu. Ni kama mpangaji asiye na ufunguo: kila akitaka kitu chumbani lazima amgongee mwenye nyumba. Ukiipitisha kadi, mpangaji amepata ufunguo wake. TrueNAS inaona kadi halisi, diski halisi, namba zake za utambulisho, joto lake na ripoti zake za SMART, yaani za afya ya diski. Kinachowezesha hilo ni sehemu ya prosesa iitwayo IOMMU, ambayo Intel wanaiita VT-d na AMD wanaiita AMD-Vi. Kazi yake ni kuhakikisha kifaa kilichokabidhiwa kinafika kwenye kumbukumbu ya mgeni wake tu, yaani mashine pepe iliyokabidhiwa.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo nilipoona data ya mtu ikipotea. Ufunguo ukishatoka, mwenye nyumba haruhusiwi kuingia tena chumbani. Proxmox nayo inaijua ZFS, na inapowaka inatafuta diski za ZFS ili izifungue. Ikizifungua kabla ya TrueNAS, kisha TrueNAS ikazifungua pia, mifumo miwili itaandika kwenye diski zile zile bila kila mmoja kumjua mwenzake. ZFS haikuundwa kustahimili hilo. Kundi zima la diski linaweza kuharibika ndani ya dakika chache, na hakuna amri ya kulirudisha.

Kinga yake ni kuifunga kadi kwa vfio-pci, dereva wa kuiwekea kadi mashine pepe, tangu mwenyeji anapoanza kuwaka, ili asiiguse kabisa. Kadi zenye chipu ya SAS2008 zina utambulisho 1000:0072, za SAS2308 ni 1000:0087, na za SAS3008 ni 1000:0097. Namba hiyo inaandikwa kwenye faili la mipangilio ndani ya /etc/modprobe.d, unahuisha initramfs (faili linalopakiwa mwanzo wa kuwaka), unawasha upya, kisha unahakiki kwa lspci -nnk kwamba dereva anayeishika ni vfio-pci na si mpt3sas, dereva wa kawaida wa kadi hizi. Mimi huisimika Proxmox yenyewe kwenye SSD ndogo ya ext4, isiwe na ZFS yoyote ya kwake. Hivyo hakuna kache mbili za ZFS (data inayowekwa kwenye RAM ili isomwe haraka) zinazogombania RAM, na mwenyeji hana sababu ya kwenda kutafutatafuta diski.

Njia ya katikati usiichague

Wengi wanaokosa kadi wanafanya hivi: wanabaki na diski kwa mwenyeji, kisha wanampa TrueNAS moja moja kwa amri ya Proxmox ya qm set na jina lake la /dev/disk/by-id. Inawaka, inafanya kazi, na mtu anajisikia ameokoa hela. Lakini huo si ufunguo, ni dirisha. TrueNAS haioni SMART, haijui diski imeanza kuchoka, na mwenyeji bado anaziona diski zote na anaweza kuzifungua. Kama huwezi kukabidhi kidhibiti kizima cha diski, nenda njia ya kwanza au ya tatu. Sijawahi kumshauri mtu hii ya katikati na sitaanza sasa.

Vifaa: hapa njia ya pili inadai zaidi

Njia ya kwanza na ya tatu zinakubali karibu kompyuta yoyote yenye poti za SATA. Njia ya pili inachagua. Kwa mashine za mtumba, angalia prosesa kabla ya kulipa: i5-3570 ina VT-d, lakini ndugu yake i5-3570K haina, ingawa K ndiyo muuzaji atakayekuambia ni bora zaidi. i3-3220 nayo haina. Hata prosesa ikiwa nayo, ni lazima mazabodi na BIOS yake viikubali. Mashine za ofisini zenye chipu za Q, kama Q77, kwa kawaida zina mpangilio wa VT-d ndani ya BIOS, unauwasha tu. Kwa keneli (kiini cha Linux ya Proxmox) za kabla ya 6.8 unaongeza pia intel_iommu=on kwenye mstari wa kuwashia. AMD hawahitaji mstari huo.

Kisha yapo makundi ya IOMMU. Mazabodi hupanga vifaa kwa makundi, na kundi linakwenda kwa mgeni lote pamoja. Kadi yako ikiwa kundi moja na kadi ya mtandao, ukiikabidhi kwa TrueNAS mwenyeji anapoteza mtandao papo hapo. Jaribu sloti nyingine kwanza. Mara nyingi sloti iliyo karibu na prosesa ndiyo inayokaa peke yake.

Kadi ninazozitumia ni za LSI: 9211-8i kwa mwenye bajeti ndogo, 9207-8i akiongeza kidogo. Zote zina poti mbili, kila poti inatoa waya wa diski nne za SATA, jumla nane. Dell H310 na IBM M1015 ni chipu hiyo hiyo ya 9211 kwa jina jingine na zinaweza kubadilishwa programu yake ya ndani. Sharti ni moja: programu ya ndani ya kadi iwe ya IT, inayopitisha diski jinsi zilivyo. Kadi ikibaki kwenye hali ya RAID inaweka mpangilio wake kati ya ZFS na diski, na siku kadi ikifa utatafuta ya aina ile ile. Hapa mjini duka moja lilisimama siku kadhaa likisubiri kadi ya namna hiyo itafutwe Kariakoo na kuletwa kwa basi. Kutoka Dar mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na mzigo wa basi una ratiba yake.

Joto ni jambo la pili, na kwetu ni zito. Kadi hizi zilitengenezwa kwa seva zenye feni za kupiga upepo wa nguvu kwenye bati lake la kupozea. Ndani ya kasha la ofisini upepo huo haupo. Mwezi wa 10 Tabora, kabla mvua hazijaanza, chumba kisicho na kiyoyozi kinapita nyuzi 30 mchana, na vumbi limeshajaa kila tundu. Kadi ikipata moto sana diski zinaanza kupotea na kurudi, makosa ya kusoma yanajitokeza kwenye diski tofauti tofauti kila siku, na utadhani diski zote zimekufa pamoja. Feni ya milimita 40 iliyofungwa juu ya bati inamaliza tatizo. Ifunge siku ile ile unayoweka kadi.

Ipo pia njia ya kuikwepa kadi kabisa. Kama mazabodi ina sloti ya M.2 ya NVMe, iweke Proxmox humo, kisha kidhibiti cha SATA cha mazabodi yenyewe ndicho ukikabidhi kwa TrueNAS pamoja na poti zake zote. Makundi yakiruhusu, hakuna cha kununua na hakuna kadi ya kupasha moto. Kwa diski nne kushuka chini, siku hizi ndiyo ninayoijaribu kwanza.

RAM

Kadi iliyokabidhiwa inaandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mgeni, kwa hiyo kumbukumbu hiyo haiwezi kuhamishwa wala kupunguzwa wakati mashine inawaka. Ukimpa TrueNAS GB 16, zimefungwa zote tangu dakika ya kwanza, hata kama usiku hakuna anayefungua faili. Kwa GB 32 za yule kijana hesabu inakuwa TrueNAS 16, Windows 8, kamera 4, na 4 za mwenyeji. Inatosha, ila hakuna pa kujinyoosha. Chini ya GB 16 kwa mashine nzima njia ya pili nisingeifikiria, kwa kuwa TrueNAS peke yake inataka 8 kwa uchache.

Njia ya tatu ndiyo nafuu hapa. Kache ya ZFS inakaa kwa mwenyeji, inapanuka RAM ikiwa wazi na kujikunja wengine wakiihitaji. Jambo moja la kukumbuka: Proxmox kuanzia 8.1, ukiisimika kwa ZFS, inaiwekea kache kikomo cha asilimia 10 ya RAM. Kwa GB 32 ni kama 3 tu, kidogo mno kwa seva ya mafaili. Pandisha zfs_arc_max, mpangilio wa kikomo hicho, hadi GB 8 au 10.

Njia ya kwanza inaipa kache karibu kila kitu. TrueNAS yenyewe inaweza kuendesha mashine pepe pia, kwa hiyo kusema njia ya kwanza haiwezi Windows si sahihi. Inaweza, ila Proxmox imezaliwa kwa kazi hiyo, na nakala zake za mashine pepe pamoja na urahisi wa kuzirudisha viko mbali mbele.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wateja, na ndipo miongozo mingi iliyoandikwa kwa nchi zenye umeme usioyumba inapopita haraka.

ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika pembeni, kisha inageuza kielekezi. Umeme ukikatika katikati, kundi la diski linabaki katika hali yake ya mwisho iliyo sahihi. Kinachopotea ni maandishi ya sekunde chache ambayo hayajateremshwa kutoka RAM. Kwa video inayonakiliwa utairudia. Kwa programu ya mahesabu ni jambo jingine, na ndiyo maana yale maelezo ya kuweka sync=disabled ili seva iwe na kasi nayakataa kabisa mahali ambapo Windows au hifadhidata inaandika. Mpangilio huo unaiambia programu "nimeshaandika" wakati haijaandika.

Kwa njia ya kwanza, UPS inaunganishwa na TrueNAS kwa waya wa USB, na mfumo unajizima betri ikishuka. Basi.

Kwa njia ya pili kuna mpangilio wa kulala na kuamka, na ukiukosea utajuta kila umeme unapokatika. Waya wa USB wa UPS uende kwa mwenyeji. NUT, programu inayosikiliza UPS, isimikwe Proxmox, na TrueNAS iwe msikilizaji wake kupitia mtandao. Ukiupeleka waya kwa TrueNAS, TrueNAS itajizima vizuri huku mwenyeji na Windows wakiendelea kuwaka mpaka betri iishe. Kisha weka utaratibu wa kuwaka: TrueNAS namba 1, isubiriwe sekunde 180, halafu wengine. Kuzima ni kinyume chake. Na UPS ya VA 650 ambayo betri yake ina miaka mitatu usiihesabie zaidi ya dakika chache. Ijaribu kwa kuchomoa plagi mchana kweupe, watu wakiwa wamehifadhi kazi zao, uone kama mashine inazima yenyewe mpaka mwisho.

Kosa linalofanana na hilo ni kuweka diski ya Windows ndani ya TrueNAS kupitia NFS (njia ya kugawa mafaili kwenye mtandao), yaani Proxmox inamtegemea mpangaji wake ili iwashe mpangaji mwingine. Umeme ukirudi saa nane usiku, Windows inaamka kabla ya stoo kufunguliwa, inakwama, na asubuhi mama wa mahesabu anakuta kioo cheusi. Diski za mashine pepe zikae kwenye SSD ya mwenyeji. TrueNAS ibaki na video na mafaili.

Njia ya tatu haina tatizo hilo hata kidogo. Mwenyeji akiwaka, diski ziko tayari, kila kitu kinafuata. Kwa mahali ambapo umeme unakatika mara nyingi na hakuna fundi karibu, hiyo ni hoja nzito kuliko kasi.

Kasi na kunoa

Swichi za ofisi nyingi hapa ni za gigabiti moja, na hiyo inakupa kama MB 110 kwa sekunde. Jozi moja ya diski zinazoakisiana inafika hapo kwa mafaili makubwa. Kwa hiyo kati ya njia tatu hizi mhariri wa video kwenye meza yake hataona tofauti, na SSD ya ziada kwa ajili ya kache haitamsaidia. Hela hiyo ongezea RAM.

Yanayofaa kunolewa ni machache. Kwa folda ya video weka recordsize, ukubwa wa vipande vya kuandikia, ya 1M badala ya 128K ya kawaida. Acha lz4 (ubanaji wa data) iwake, zima atime (kuandika muda faili liliposomwa), hakikisha ashift (ukubwa wa sekta za diski) ni 12. Kwa TrueNAS iliyo ndani ya Proxmox, aina ya prosesa iwe host, mashine iwe q35, mtandao uwe virtio, na ballooning (kumpunguzia mgeni RAM) izimwe. Kama mashine pepe inachelewa kuwaka kwa sababu ya menyu ya kadi ya LSI, zima ROM-Bar. Mpe prosesa mbili au nne. Kugawa mafaili hakuhitaji zaidi.

Unaponunua diski, epuka zenye teknolojia ya SMR, ambazo njia za kuandikia zimepandana. Siku ya kubadilisha diski iliyokufa, ZFS ikianza kujenga upya, zinapungua kasi mpaka unakata tamaa.

Siku mashine imekufa

Masika yaliyopita radi iliunguza mazabodi ya seva ya shule moja hapa, iliyokuwa kwa njia ya pili. Nilitoa diski nne, nikazichomeka kwenye kompyuta nyingine iliyokuwa maktaba, nikaisimika TrueNAS peke yake kwenye SSD ya akiba na kuzifungua kwa zpool import -f. Matokeo ya wanafunzi yote yalikuwepo kabla ya chai ya saa nne. Faida ya kumkabidhi mgeni ufunguo kamili ni hii: diski hazijui kwamba zilikuwa ndani ya mashine pepe, na zinahama kati ya njia ya pili na ya kwanza bila kubadilishwa chochote. Kuhamia ya tatu kunawezekana pia, ila TrueNAS inaweza kuwa na toleo la ZFS (OpenZFS) jipya kuliko la Proxmox. Usibonyeze kitufe cha kupandisha daraja kundi la diski kabla hujajiridhisha pande zote zinalielewa.

Udhaifu wa njia ya tatu uko hapa. Watumiaji wa Samba, ratiba ya snapshoti (picha za hali ya mafaili kwa wakati fulani), barua za tahadhari diski ikichoka, vyote unavijenga kwa mkono kwa mistari ya amri. Mimi navijua kwa sababu nilivijenga. Nikihamia Nzega au Mwanza, mwenye ofisi anabaki na kitu asichoweza hata kukiangalia. TrueNAS ina kurasa zinazosomeka, na mhasibu aliyefuta faili anaweza kulirudisha mwenyewe kutoka Windows kwa matoleo ya nyuma.

Nani achukue ipi

Anayetaka stoo ya mafaili na hana kazi nyingine ya kuipa mashine, achukue njia ya kwanza. Anayejua Linux, ana RAM ya GB 16, umeme wake haueleweki na anakaa karibu na mashine, achukue ya tatu. Ya pili namwachia mwenye kazi kadhaa kwenye mashine moja, RAM ya GB 32 na kuendelea, kidhibiti kinachoweza kukabidhiwa kizima, UPS yenye waya wa USB, na mtu wa ofisini asiye fundi atakayehitaji kuangalia hali ya diski mwenyewe.

Kijana wa Isevya alikuwa na vyote isipokuwa kadi, na mashine aliyoipata ina M.2. Tumempa TrueNAS kidhibiti cha SATA chenye diski nne katika jozi mbili, Proxmox na Windows ziko kwenye NVMe. Siku ya kukabidhi tulichomoa plagi mara tatu, na mara ya tatu alichomoa yeye. Diski ya nje ya nakala ya pili anaichukua kila Jumamosi jioni na kwenda nayo nyumbani Kitete.